Kapteni Asiyeijua Njia ya Mierezi

Tarlow Ferry, Georgia
6 Oktoba 2018

Shangazi Arzula,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, si juu ya stuli ukibadilisha balbu. Ndiyo, nimesikia. Jirani yako Bi Corliss ameniambia yote. Huko Detroit una majirani wazuri, usiwakaripie.

Ulisema sauti yangu kwenye simu inakufikia kama nzi ndani ya chupa, basi nakuandikia. Nina habari, kaa vizuri: Kapteni anashuka! Halmashauri ya mji imepiga kura Jumanne. Yule Kapteni Crisler wa jiwe, sanamu ile yenye bunduki na pua iliyobanduka ncha, anaondoka mbele ya mahakama. Habari ilipofika saluni nilikuwa na Bi Jessamy kitini, nimemnyoosha nywele nusu ya kichwa. Aliruka akatoka barabarani vilevile, nusu imelala, nusu imesimama, anapiga vigelegele. Mpaka polisi wa zamu alicheka.

Ila wameweka sharti. Asivunjwe, ahamishiwe mahali pa heshima. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kutafuta hapo mahali. Cheka tu. Mwanao wa Detroit, mwaka wa pili tu tangu nihamie nyumba ya marehemu baba, nimeshapewa jiwe la watu nilibebe.

Jingine. Uliniambia siku yako ikifika nikurudishe kwa mama yako. Nimezungumza na mchungaji wa kanisa la Mlima Nebo, kuna nafasi karibu na babu na baba. Kaburi la bibi Ludie silioni, lakini anasema mawe mengi ya zamani yamezama. Usiwe na wasiwasi. Nitakuweka kwa watu wako, naapa, hata kama itanibidi nikuendeshe mwenyewe kutoka Michigan.

Nilipopita pale uwanjani kwa Kapteni jana nilikumbuka ulivyokuwa ukinitia karatasi kiatuni kila kiangazi, kabla baba hajanileta huku. Karatasi nyeupe, haina hata neno. Nilidhani ni ya bahati. Ilikuwa ya nini?

Mwanao,
Renelda

*

Detroit
15 Oktoba 2018

Renelda mwanangu,

Marahaba. Corliss ana mdomo mrefu kuliko barabara ya kwenda Toledo. Balbu ilikuwa imekufa, ulitaka nikae gizani?

Umeniuliza karatasi. Kwani Theron hakukuambia kitu, babako yule? Basi sikia. Kapteni wako, kabla hajawa mtu wa vita, alikuwa mkuu wa doria, siku za utumwa. Vita alipigana miaka minne, doria aliifanya ujana wake wote, lakini kwenye jiwe wameandika vita tu. Jua likizama alipanda farasi na wenzake na mbwa, wakazunguka barabara zote za Tarlow. Mtu wetu akikutwa njiani anaulizwa cheti cha bwana wake. Hana? Anachapwa palepale. Watu wetu hawakuruhusiwa kujua kuandika, kwa hiyo walikunja karatasi tupu wakaivaa kiatuni. Haikumzuia mtu kuchapwa. Ilikuwa tu ya kuupa moyo kitu cha kushika. Doria ikaisha, karatasi ikabaki. Mama yake mama alimtia, mama akatutia mimi na Theron, nami nikakutia wewe. Na hatukupita mbele ya uso wake kamwe. Tulizunguka nyuma, upande wa bunduki.

Siku hizi nalala mchana kama paka, na naota. Juzi nimemwota anashuka. Hakuruka, alishuka taratibu, kama mtu anayetoka kwenye beseni la kuogea. Akapita nyumba hata nyumba, anaweka mkono mlangoni, mlango unalia kidogo, anaenda. Akafuata njia ya mierezi hadi kilimani, mimi niko nyuma yake na gauni langu la kwenda shule, siogopi. Kule juu akaangalia huku na huku. Akaona vikombe vilivyovunjika, na sahani, na vigae kwenye nyasi. Basi akatema mate, akageuka, akarudi mjini. Nilicheka usingizini mpaka nikaamka.

Mwambie mchungaji asante, lakini asichimbe kitu. Njoo Krismasi. Kuna jambo la kukuambia sikioni. Mengine hayaandikwi.

Na vaa soksi, najua sakafu ya nyumba ile.

Shangazi yako,
Arzula Mims

*

Tarlow Ferry
12 Novemba 2018

Shangazi,

Shikamoo. Soksi nimevaa. Ndoto yako nimewasomea wateja wangu, Bi Jessamy anasema ukiota tena umwulize Kapteni anapaka nini masharubu.

Mahali tumepapata! Nilikuwa nimekata tamaa. Makaburi ya wazungu hawamtaki, wanasema atavuta fujo. Chuo hakimtaki. Basi akasimama Bwana Lathem Crisler, kitukuu cha Kapteni mwenyewe, yule mwenye duka la pembejeo. Anatoa kilima chake nje ya mji, bure. Anasema hapajawahi kulimwa, hapana kitu pale ila takataka za zamani. Nilikwenda kuangalia. Shangazi, ni pazuri ajabu, mierezi mirefu, kimya, mtu unajikuta unanong'ona bila sababu. Nikajiambia, sawa, mzee akae huku na miti yake, asitutazame tena tukienda kulipa kodi ya gari.

Jumamosi tumepasafisha. Vijana wa Mlima Nebo walikuja, Bwana Crisler naye akaja, Bi Jessamy akaleta mkate wa mahindi na mboga zilizochemshwa na mkia wa nguruwe, tukaimba kazini. Takataka kweli zilikuwepo. Sahani zilizopasuka, glasi, makombe ya mtoni, taa ya chemni, hata saa ya mezani haina mishale. Nani alikuwa anapanda mlima wote ule kwenda kutupa vikombe? Lori la halmashauri limeondoka limejaa.

Shemasi Oziah Gault alikuja pia. Hakushika hata reki. Alisimama barabarani, akavua kofia, akatuangalia weee, halafu akaenda zake. Vijana walimtania, mzee umekuja kukagua?

Kimoja nimekiokota kwa sababu nilikipenda. Buli la buluu, lina ndege wawili ubavuni, mdomo umekatika na chini lina tundu. Nimelitia udongo, nimepanda mnanaa, liko dirishani jikoni. Ukija utaliona.

Saruji itamwagwa Machi, baridi ikipungua. Furahi basi, shangazi. Hutazunguka tena nyuma ya mtu.

Renelda

*

Detroit
17 Novemba 2018

Renelda,

Litoe buli dirishani. Mwaga huo mnanaa. Lirudishe kilimani leo hii, kabla hujaweka kitu mdomoni.

Ni la mama yangu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Alinywea chai humo asubuhi, jioni akawa amekufa. Tulilitoboa chini tukaliweka kichwani kwake, Theron ameshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kitu cha mwisho alichokishika mtu kinakwenda naye, na kinavunjwa, ili kisimvute mwingine wa nyumba ile amfuate. Kila kigae ulichokitupa kwenye lori kilikuwa kichwa cha mtu.

Mama alituapisha: lisemwe, lisiandikwe. Nami naliandika sasa, Mungu ananiona. Siku za doria watu wetu walikatazwa kukusanyika, hata kumzika mtu. Walizika kwa kujificha, kilimani, chini ya mierezi. Wangeweka jiwe, Kapteni angejua. Wangeweka msalaba, angeung'oa. Wakaweka vyombo vilivyovunjika. Alipita pale na mbwa wake akaona jalala. Miaka yote ile, Renelda, alipita akaona jalala. Halafu ardhi yenyewe ikawa ya Crisler, tukazidi kunyamaza. Mama angeweza kulala Nebo na baba yangu, akakataa. Alitaka kwa bibi zake. Na mimi nataka kwa mama. Nilikuwa nangoja Krismasi nikunong'oneze.

Tulificha vizuri mno. Tulimficha Kapteni, tukakuficha na wewe.

Na sasa mwanangu mwenyewe anamtafutia njia. Anampandisha kilimani, anamsimamisha juu yao na bunduki yake. Atakuwa amewapata hatimaye.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

A.M.

*

Tarlow Ferry
21 Novemba 2018

Shangazi, nisamehe.

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, na koti bado sijavua. Mnanaa nimeumwaga. Nimeliosha buli kwa maji ya vuguvugu, taratibu, nikawa nasema naye, sijui nilikuwa namwambia nini. Nimekwenda nalo kilimani. Lakini kichwani pake ni wapi? Tumekwangua kila kitu, pamekuwa kama uwanja wa mpira. Nimeliweka chini ya mwerezi mkubwa nikalia hadi nikaona haya kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Shemasi Gault. Nilimfokea, shangazi, mzee mzima. Nikamwambia, mama yako yuko kule pia, sivyo? Mbona hukusema hata neno? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. Akasema, "Crisler alikuwa pale."

Jalala la kaunti wameshalifukia kwa tingatinga. Nilipanda juu ya lundo na buti za baba. Nimepata makombe, na kilango cha ile saa ya mezani. Basi.

Crisler nimemwambia. Amesema pole, lakini yeye haoni kaburi, na mimi sina hata jiwe la kumwonyesha. Amesema bila ubaya, ndiyo maana inauma. Halmashauri wanataka ushahidi. Nimewaambia ushahidi tumeutupa sisi wenyewe tukiimba.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Renelda

*

Detroit
9 Januari 2019

Mwanangu,

Huu ni mkono wa Corliss, maneno yangu. Krismasi ilinikuta hospitali, ndiyo maana nilikwambia usije, nilisema ni mafua. Si mafua. Moyo umechoka, hauna ugomvi na mtu, umechoka tu. Corliss anataka kuandika "lakini anaendelea vizuri". Haya, ameandika.

Sikutukani. Ungelijua wapi? Unajua ni nani wa kutukanwa? Theron. Nikimkuta huko nitamvuta sikio.

Nalala sana. Kilima kinakuja kwangu kila siku, siendi mimi. Kinaingia hapa chumbani na mierezi yake, kinakaa kati ya kabati na kitanda, upepo wake unanipuliza usoni. Watu wako chini wanazungumza polepole kama watu wanaosubiri chakula kiive. Namsikia mama, chini ya mwerezi ule uliopigwa na radi. Kapteni namwona mbali kwenye njia, anakuja, lakini hajafika. Kila siku amesogea kidogo. Nataka kufika kabla yake, Renelda.

Sikiliza. Mama alipenda maua yale ya njano yanayotangulia majira. Tulipanda mizizi yake, ile iliyo kama vitunguu, kuzunguka kila mtu aliyelala pale, mimi na yeye, na wengine walipanda kabla yetu. Reki haing'oi vitunguu vilivyo chini. Usikanyage tena pale. Ngoja Februari.

Arzula

*

Tarlow Ferry
20 Februari 2019

Shangazi! Shangazi!

Yametoka!

Nilikuwa nakwenda kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, naona nyasi tu, nakaa garini najisema mjinga. Leo kulikuwa na ukungu, hata mierezi ilionekana nusu. Nikashuka. Nikaona kitu cha njano karibu na kiatu changu, halafu kingine, halafu ukungu ukaanza kuinuka nikaona yako kila mahali, yamejipanga. Hayakumea ovyo, shangazi. Yamezunguka. Mizunguko mirefu ya watu wazima, na mingine mifupi, mifupi sana. Nimesimama katikati yao kama mtu aliyeingia chumba kilichojaa watu waliolala. Nikavua viatu.

Nikampigia Crisler nikamwambia njoo, na uje peke yako. Alikuja na suruali ya kulalia ndani ya buti. Aliangalia. Alianza kuzunguka pembeni, akawa anainua miguu juu kupita maua, mzee mnene yule, mara akakaa chini palepale kwenye umande. Akaniambia mama yake alikuwa akimchapa akicheza huku, hakumwambia kwa nini. Akaniuliza, "Na ukoo wetu ulijua?" Nikamwambia wewe ndiye wa kunijibu hilo.

Kesho anakwenda kwa mwanasheria. Kilima anakiandika kwa jina la Mlima Nebo. Hakuomba radhi, nami sikungoja. Kapteni haji huku. Ameshushwa uwanjani Ijumaa, na kwa kuwa sasa hana pa kwenda, atabaki pale walipomlaza, kwenye yadi ya matrekta ya kaunti, chali, kafunikwa turubai. Pua juu.

Bibi Ludie nimemjua, na buli lake nimelihamishia kichwani pake. Yuko chini ya mwerezi uliopigwa na radi, kama ulivyosimulia ndoto yako. Kando yake upande wa kushoto hapana maua. Nafasi ya mtu mmoja. Alikuachia.

Usitoke huko. Nakuja.

Renelda wako

*

Detroit
26 Februari 2019

Renelda,

Nimemlazimisha Corliss anisomee barua yako mpaka sauti imemkauka.

Naandika mwenyewe, vumilia mkono. Leo nimemwota. Tumekutana njiani, mimi na yeye, uso kwa uso, sikuzunguka nyuma. Akanyoosha mkono, cheti. Nikavua kiatu nikatazama, hamna. Nikamwambia, sina. Alisimama hapo hajui la kufanya, maskini, hakuna aliyemfundisha kinachofuata. Nikampita.

Usinitie karatasi siku hiyo. Nisikilize vizuri. Hata ukiogopa.

Kikombe changu cha asubuhi ni kile cheupe chenye ufa kwenye mkono. Nacho leo nimenywea kahawa. Nimemwomba Corliss asikioshe.

Usiendeshe haraka. Barabara ya Ohio ina barafu.

Arzula

*

Tarlow Ferry
9 Machi 2019

Shangazi,

Barua hii sina wa kuitumia, lakini nimezoea kukuandikia, na simu huitaki.

Nilifika, Corliss akanifungulia, nikajua kwa jinsi alivyoshika mlango. Ulikuwa umeondoka asubuhi ile, umekaa dirishani. Nilikuwa bado Ohio. Niliendesha polepole kama ulivyosema, na nitalijutia hilo, halafu nitaacha.

Nilifungua kabati nikuchagulie viatu vya safari. Vile vyeusi vya kanisani, nikavitia mkono, karatasi. Imekunjwa, nyeupe, tupu. Nikachukua vya kahawia. Karatasi. Buti za theluji, karatasi. Nikakaa sakafuni nikavitoa vyote. Hata ndala zako za kuogea, shangazi, umebandika chini ya mkanda kwa gundi. Miaka yote uliyokaa Detroit, unakwenda sokoni, unakwenda kazini, unakwenda kupiga kura, una cheti cha mtu aliyekufa mguuni. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia huogopi kitu. Corliss alikuja akaona, akakaa chini nami.

Kwa hiyo nimekuzika pekupeku. Najua utanikaripia, sakafu ya huko itakuwa baridi. Lakini sikutaka kukosea tena.

Jana tulipita na wewe katikati ya uwanja, mbele kabisa, mahali alipokuwa akitazama. Pamebaki msingi tu, mtoto wa Bi Jessamy ameketi juu anakula njugu. Shemasi Gault alitembea mbele ya gari, kofia mkononi. Kilimani watu walikuja na vyombo. Kila mtu na cha kwake cha nyumbani, kwa wale tuliowatupia vyao, wakiuliza niweke wapi, niweke wapi. Hakuna aliyenyamaza safari hii, walikuwa wakisema majina kwa sauti, na yule wasiyemjua jina walimwita bibi.

Kikombe chako nilikitoboa mwenyewe. Kahawa ilikuwa imekauka chini, sikuiosha. Nimekiweka kichwani, jirani na buli. Nilipoinuka nilikumbuka nimeacha viatu vyangu barabarani, nikashuka kuvichukua. Nilivaa hivyohivyo, bila kutazama ndani.

Renelda